Barua Mbili za Baraza Moja

Kwa kujifunza: Mathayo 22:15–22, Matendo 5:27–42, Warumi 14:1–12, Wagalatia 1:6–10, 2 Yohana 7–11.

Miaka zaidi ya ishirini iliyopita, nilipokuwa karani wa kanisa moja la mjini, nilichapa barua mbili katika juma moja. Zote zilimhusu mtu mmoja, mwalimu wetu wa darasa la watu wazima la Shule ya Sabato. Alikuwa mwalimu wa sekondari, msomaji sana, mpole wa maneno, na darasa lake lilijaa kuliko mengine. Kidogo kidogo alianza kufundisha kwamba kufufuka kwa Bwana hakukutokea kaburini, bali ndani ya mioyo ya wanafunzi wake. Na kwamba msalaba ni mfano mzuri wa upendo, basi. Wazee walikaa naye mara tatu. Hakukana, wala hakuficha. Mwishowe baraza la kanisa likaamua asifundishe tena, na barua ya kwanza ikamjulisha hivyo.

Barua ya pili ilikwenda kwa afisa mtendaji wa mtaa. Mwalimu yule alikuwa ameanza kukusanya watu nyumbani kwake jioni za Jumatano, chini ya mwembe, wasome na kujadiliana. Tukamwomba mtendaji achukue hatua, kwa ajili ya utulivu wa eneo. Ukweli ni kwamba hakuna jirani aliyelalamika. Waliokosa utulivu ni sisi. Nilichapa barua zote mbili kwa mashine ileile, nikazipiga muhuri uleule, na sikuona tofauti yoyote kati yake. Mtu angeniuliza ningemjibu kwamba zote mbili ni kuitetea kweli.

Wapendwa, somo hili linahusu tofauti ile ambayo sikuiona. Aliyenisaidia kuiona si mtu wa kanisa letu. Ni Mpresbiteri wa Marekani, J. Gresham Machen, ambaye jina lake nilikutana nalo kwanza nikiwa chuoni, kwa sababu ya kitabu chake cha kujifunzia Kigiriki cha Agano Jipya. Kilitoka mwaka 1923 na wachungaji wengi bado wanateseka nacho hadi leo. Mwaka uleule alitoa kitabu kingine, chembamba zaidi na chenye moto zaidi, kuhusu Ukristo na uliberali.

Machen alizaliwa Baltimore mwaka 1881, mwana wa mwanasheria. Alisoma Kigiriki cha kale katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akaingia seminari ya Princeton, kisha mwaka 1905 akavuka bahari kwenda kusoma Ujerumani. Huko Marburg alimsikiliza Wilhelm Herrmann, mwanatheolojia mkubwa wa kiliberali. Kwa Herrmann, imani haikupaswa kutegemea kama miujiza ya Injili ilitukia au la; jambo kubwa lilikuwa jinsi nafsi ya Yesu inavyomgusa mtu hata akamtumaini Mungu. Machen alitikisika. Barua alizoandika nyumbani zinaonyesha kijana aliyeshangazwa na uchaji na bidii ya mwalimu ambaye, kwa mafundisho aliyoyapokea kwao, alikuwa amepotea. Ilimchukua miaka kupata uthabiti. Hakuwekewa mikono ya uchungaji hadi mwaka 1914, akiwa tayari ana miaka thelathini na miwili. Nalitaja hili kwa sababu tuna mazoea ya kudhani kwamba watetezi wa imani ni watu ambao shaka haijawahi kupiga hodi kwao.

Alipokuja kuandika, hakuandika kama mtu anayewadharau wapinzani wake. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Ukristo, alisema, tangu siku ya kwanza ni habari ya jambo lililotukia: Kristo alikufa, na alikufa kwa ajili ya dhambi zetu. Sehemu ya kwanza ni historia, ya pili ni fundisho, na ukiondoa moja, habari yenyewe haipo tena. Kwa hiyo uliberali wa siku zake, uliobakiza maneno ya kanisa na kuondoa matukio, haukuwa tawi jipya la Ukristo. Ulikuwa dini nyingine. Inaweza kuwa dini nzuri yenye watu wema, lakini ni nyingine, na unyofu unataka iitwe kwa jina lake.

Tukisoma Wagalatia 1:6–10 tunaona kwamba Paulo alikuwa mkali kuliko hapo. Hata malaika akileta injili nyingine, Paulo hana adabu ya kumwekea. Wapo kati yetu wanaoona haya kuisoma sura hiyo kwa sauti. Lakini darasa litazame pia silaha aliyotumia mtume. Ni barua. Aliandika kwa makanisa, akatoa sababu, akataja historia yake mwenyewe, akalia, akakemea. Hakumwandikia liwali wa Galatia.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo lililomfanya Machen awe mgumu kuwekwa katika fungu lolote. Watu wa wakati wake walizoea kwamba mtu mkali wa mafundisho atakuwa mkali wa sheria pia: atataka Biblia isomwe shuleni kwa amri, atataka serikali isafishe tabia za watu. Na mtu anayependa uhuru atakuwa mlegevu wa mafundisho. Machen alikuwa mkali kanisani na mpinzani wa mabavu serikalini, na alisema sababu ni moja.

Sababu hiyo, kwa maneno yangu, ni hii. Kanisa ni chama cha hiari. Hakuna anayezaliwa amefungwa humo. Mtu huingia kwa kuungama imani fulani, na mchungaji huingia katika huduma kwa kuapa kwamba ataihubiri imani hiyo. Kanisa likimwambia mwalimu asiyeiamini tena, "Ndugu, usifundishe kwa jina letu wala kwa sadaka zetu," halijamnyang'anya uhuru. Mlango u wazi; aende akafundishe anachokiamini pamoja na wenzake. Kumlazimisha kanisa limlipe mtu abomoe msingi wake, huko ndiko kuwanyima uhuru wale waliokusanyika kwa hiari yao. Serikali haiko hivyo. Mtu huzaliwa chini yake atake asitake, analipa kodi atake asitake, na yenyewe inashika upanga. Kwa hiyo kile ambacho ni halali kwa kanisa, yaani kudai umoja wa imani, kikifanywa na serikali ni udhalimu. Kanisa likiwa na mipaka iliyo wazi na serikali ikiwa na mikono mifupi, imani inaweza kuwa ya kweli, kwa kuwa anayeiamini angeweza kuikataa.

Nadhani Machen angeuelewa mkutano wa Mathayo 22:15–22 kuliko wengi wetu tunavyouelewa. Tunapenda kuigawa dinari ile nusu kwa nusu, hii ya Kaisari, hii ya Mungu, kana kwamba wawili hao ni majirani wanaogawana shamba. Lakini Bwana aliuliza kuhusu sura. Dinari ina sura ya Kaisari, na mtu ana sura ya nani? Kaisari hana sehemu katika kitu ambacho sura yake haimo.

Hakuishia katika maneno. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza jimbo la Nebraska lilitunga sheria, mwaka 1919, iliyokataza kumfundisha mtoto lugha ya kigeni kabla hajamaliza darasa la nane. Mwalimu mmoja wa shule ya Kilutheri alitozwa faini kwa kumfundisha mtoto kusoma hadithi za Biblia kwa Kijerumani. Mwaka 1922 wapiga kura wa jimbo la Oregon walipitisha sheria ya kuwalazimisha watoto wa miaka minane hadi kumi na sita wasome shule za serikali tu. Ku Klux Klan waliiunga mkono, na iliyolengwa hasa ilikuwa shule za Wakatoliki. Machen, ambaye aliona mafundisho ya Roma ni makosa mazito na hakuficha, alizipinga sheria zote mbili ndani ya kitabu kilekile cha kutetea imani. Mahakama ya Juu ya Marekani ilizitangua, ya Nebraska mwaka 1923 na ya Oregon mwaka 1925. Katika kesi ya Oregon, miongoni mwa waliopeleka hoja mahakamani kuwaunga mkono masista Wakatoliki na shule zao ilikuwa Unioni ya Pasifiki ya Kaskazini ya Waadventista wa Sabato. Nilipolijua hilo nilikaa kimya kidogo. Watu waliokuwa wakihubiri Danieli 7 na Ufunuo 13 bila kupunguza neno walisimama mahakamani upande wa masista.

Mwaka 1926 Machen alikwenda Washington kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge dhidi ya kuundwa kwa wizara ya elimu ya taifa zima. Aliogopa akili za watoto wote kushikwa na ofisi moja. Alipinga pia usomaji wa Biblia katika shule za serikali, na hapa Wakristo wenzake walimshangaa. Alisema ukichagua mafungu ya maadili na kuacha ukombozi, mtoto anafundishwa kwamba anaweza kujiokoa kwa kuwa mtu mwema, na kwamba hivyo ndivyo Biblia inavyosema. Ni afadhali isisomwe kuliko isomwe hivyo. Tena alisema si haki kumtoza kodi mtu asiyeamini ili mwanawe asomewe asichokiamini. Alipigana hata na amri ya jiji la Philadelphia ya kuwaadhibu wanaovuka barabara pasipo mahali palipowekwa. Hapo nakiri nilicheka. Mtu aliyeona magari ya mji wetu hawezi kuwa upande wake.

Sasa tufike mahali ambapo sisi Waadventista tunakereka kweli. Machen alipinga marufuku ya pombe.

Marekebisho ya 18 ya Katiba yalianza kutumika Januari 1920 na kuondolewa Desemba 1933. Waadventista walikuwa mstari wa mbele kuyataka. Ellen White aliitetea marufuku kwa sauti na kwa kalamu miaka mingi kabla haijapita. Mwezi wa nne mwaka 1926, presbiteri ya Machen ilipopigia kura azimio la kuiunga mkono sheria hiyo, yeye alisema hapana. Hakuhutubu, hakufanya kampeni. Alisema tu hapana, kwa sababu, kama alivyoeleza baadaye, kanisa kama kanisa halina amri ya Maandiko ya kutoa tamko juu ya sheria kama ile, na washiriki wawe huru kuipima kila mtu kwa dhamiri yake. Habari ikaenea kwamba profesa wa Princeton ni rafiki wa walevi. Mwaka huohuo alikuwa ameteuliwa kuwa profesa wa utetezi wa imani na maadili. Mkutano Mkuu ukaahirisha kumthibitisha, na kura ile ilikuwa kati ya mambo yaliyomponza.

Mimi sikubaliani naye kuhusu pombe. Nimewazika vijana waliokufa kwa gongo, na nimeketi na wake zao. Mwenye kuuza sumu sheria imzuie. Wazee wetu walikuwa na njia ya kulieleza jambo hili ambayo bado inanitosha: A. T. Jones, alipofika mbele ya kamati ya Seneti Desemba 1888 kuupinga muswada wa Jumapili wa Seneta Blair, alitofautisha amri zinazohusu ibada ya mtu kwa Mungu, ambazo serikali haina kazi nazo, na yale mambo ambayo mtu anamtendea jirani yake, ambayo serikali inaweza kuyashughulikia. Chupa inamfikia jirani. Ndivyo ninavyoona, na nadhani Machen alikosea kutoipa chupa uzito huo.

Lakini kukosea kwake katika pombe hakuwapi haki waliomwadhibu. Hakuvunja fundisho lolote aliloapa kulishika. Alipiga kura katika mkutano ambako kura ziliitwa. Wapo kati yetu waliokwisha kuwa katika vikao ambako kila mtu anajua jibu linalotakiwa, na anayesema hapana anaangaliwa kama aliyetukana. Darasa lisome Warumi 14:1–12 hapa na kusema waziwazi: ni mambo gani katika kanisa letu ambayo hayamo katika mafundisho tuliyokiri kwenye ubatizo, na hata hivyo anayeyahoji hupoteza heshima? Msiharakishe kulipita swali hili.

Mambo ya Machen hayakuishia hapo. Mwaka 1929 seminari ya Princeton ilipangwa upya kwa namna ambayo aliona inawapa waliberali nafasi, naye pamoja na wenzake wachache wakaanzisha seminari ya Westminster huko Philadelphia. Mwaka 1933, alipoona halmashauri ya misheni ya kanisa lake inavumilia wamishonari wasioiamini Injili kama alivyoielewa, alisaidia kuunda halmashauri ya misheni iliyojitegemea. Mwaka 1934 Mkutano Mkuu uliamuru wachungaji wajitoe humo. Tena ulitamka kwamba mshiriki asiyetoa sadaka kwa kazi rasmi za kanisa ni sawa na yule anayekataa Meza ya Bwana. Machen hakutii. Mwaka 1935 alishitakiwa mbele ya tume ya presbiteri yake. Tume ikaamua mapema kwamba haitasikiliza hoja kuhusu mafundisho ya halmashauri ile rasmi, wala kuhusu uhalali wa amri yenyewe. Kilichobaki ni kuuliza kama alitii au hakutii. Akaonekana ana hatia, na mwaka 1936 Mkutano Mkuu ukaithibitisha hukumu ya kumsimamisha uchungaji.

Hapa mwanadarasa makini atainua mkono. Je, kanisa lake halikumtendea kwa hoja yake mwenyewe? Alisema kanisa ni chama cha hiari, asiyekubali atoke. Wakamwambia: wewe hukubali, toka. Kuna haki gani ya kulalamika?

Swali hili lilinisumbua kwa muda mrefu, na jibu lake ndilo lililonifundisha zaidi. Machen aliapa kulishika ungamo la imani lililoandikwa. Hakuapa kutii kila wazo la kila kamati. Kanisa lilikuwa na haki ya kumpima kwa ungamo lile, naye alikuwa tayari kupimwa. Alichokataa ni kanisa kuongeza kipimo baada ya yeye kuingia, kisha kumkatalia asionyeshe kwamba kipimo hicho hakimo katika kitabu. Sadaka inayotolewa kwa kutishwa, alisema, si sadaka tena. Waliokuwa wakisema mafundisho hayana umuhimu mkubwa ndio hao walioona utii kwa halmashauri una umuhimu kuliko yote. Wala hili halipaswi kutushangaza. Fundisho lililoandikwa linamfunga mshiriki, ni kweli, lakini linamfunga na mwenyekiti pia. Likiondolewa, mtu mdogo hana kitu cha kushika mkononi na kusema: hapa nimekosa wapi?

Ndiyo maana nawaomba walimu wasiziache imani 28 za msingi zibaki kitu cha kuwasomea wanaojiandaa kubatizwa. Na Mwongozo wa Kanisa nao usiishie kabatini kwa mchungaji. Si kila mshiriki anajua kwamba mchungaji peke yake hawezi kuliondoa jina lake, wala baraza peke yake. Ni kanisa zima katika kikao chake, na mshitakiwa ana haki ya kuwapo na kusikilizwa. Nimeshuhudia watu wakitolewa kwa minong'ono, jina likafutwa kabla mwenyewe hajaulizwa.

Machen hakuishi muda mrefu baada ya hukumu. Juni 1936 yeye na wenzake waliunda kanisa jipya. Desemba alisafiri katika baridi kali kwenda kuhubiri North Dakota, akashikwa na homa ya mapafu, akafa hospitalini katika mji wa Bismarck tarehe 1 Januari 1937, akiwa na miaka 55. Ujumbe wake wa mwisho wa simu kwa rafiki yake ulikuwa wa shukrani kwa utii wa Kristo, ambao bila huo hakuona tumaini lolote. H. L. Mencken, mwandishi wa magazeti asiyeamini lolote katika hayo, alimwandikia taazia ya heshima. Alisema, kwa ufupi, kwamba Machen ndiye aliyekuwa na mantiki.

Ningependa kuliacha somo hapo, maana linapendeza. Haki hainiruhusu.

Mwaka 1933 bunge la Pennsylvania lilipitisha muswada wa kuruhusu michezo ya kulipia alasiri za Jumapili. Uliilegeza sheria ya mwaka 1794 iliyokataza kazi na michezo siku hiyo. Mwezi wa nne Machen alimwandikia gavana, akimwomba kwa heshima aukatae. Hoja yake ilikuwa kwamba katika jambo hili lazima uhuru wa upande mmoja upunguzwe, kwa kuwa wanaotaka Jumapili tulivu hawawezi kuipata huku wengine wakipiga kelele uwanjani. Gavana alitia saini hata hivyo.

Tazameni. Mtu aliyewatetea Wakatoliki wa Oregon na Walutheri wa Nebraska, mtu aliyemtetea hata mvuka barabara, alipofikiwa katika siku anayoiona takatifu aliiomba serikali iilinde. Na sheria ile ya 1794 haikuwazuia wacheza mpira tu. Mwaka 1848 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ilithibitisha adhabu ya Mbaptisti wa Siku ya Saba aliyefanya kazi Jumapili, mtu aliyekuwa amekwisha kupumzika Sabato yake. Sisi tunao wetu pia: R. M. King, mkulima wa Tennessee, alihukumiwa kwa kulima shamba lake siku ya Jumapili. Sioni dalili katika barua ile kwamba Machen aliwafikiria watu wa namna hiyo.

Kuna na jambo jingine, la zamani zaidi na baya zaidi. Mwaka 1913 Princeton ilipomruhusu mwanafunzi mweusi kulala katika bweni pamoja na wengine, Machen alikasirika na kumwandikia mama yake kulalamika. Mwalimu wake mwenyewe, B. B. Warfield, mzaliwa wa Kentucky, alisimama upande wa mwanafunzi yule, na wakabishana. Mwanafunzi aliingia seminari kwa hiari, kwa imani ileile, kwa ungamo lilelile. Kwa kipimo cha Machen mwenyewe hakukosa lolote. Nimewahi kuulizwa na kijana katika semina kwa nini nimtaje mtu kama huyo kanisani. Nilimjibu kwamba kipimo alichokiacha kinamhukumu yeye pia, na kwamba mimi nilikichukua kipimo, sikumchukua yeye. Kijana hakuridhika sana. Sidhani alipaswa kuridhika.

Na mimi nina barua yangu. Nimeisoma 2 Yohana 7–11 mara nyingi tangu wakati ule. Mtume hataki mwalimu anayekana kwamba Kristo alikuja katika mwili apokelewe nyumbani, na katika siku ambazo kanisa lilikutana nyumbani hiyo ni kusema asipewe mimbari. Barua yetu ya kwanza ilikuwa na fungu hilo chini yake. Ile ya pili haikuwa na fungu lolote chini yake. Baraza lililowachapa watu na kuwakataza kufundisha liko katika Matendo 5:27–42, na tunajua lilikuwa baraza la nani.

Mwaka jana nilikwenda kumtembelea mwalimu yule. Amestaafu, macho yamepungua nguvu, mwembe bado upo. Hatukubaliani bado kuhusu kaburi la Bwana. Tulibishana kidogo kama zamani. Kisha nikamweleza habari ya barua ya pili, maana sikuwa na hakika kama aliwahi kuijua. Aliijua. Mtendaji alimwita, akamsomea, akamwambia asikusanye watu. Kwa miezi kadhaa walikutana watatu watatu ndani ya chumba, dirisha limefungwa, na mama mmoja aliyekuwa akija aliacha kwa hofu. Kuhusu barua ya kwanza hakuwa na neno; alisema angekuwa mzee wa kanisa angeiandika vilevile. Kuhusu ya pili aliniuliza swali moja tu: nani aliichapa?

Nikamwambia ni mimi.

Alinyamaza kwa muda. Halafu akamwita mjukuu wake alete kiti, kwa kuwa wakati wote huo nilikuwa nimesimama.